Nakala Mbili Ndani ya Begi Moja

Saa mbili usiku, Kewanja. Mpiga picha ameshakula, ameingia kuoga. Mwongozaji yuko nje anaongea na simu. Aliyebaki mezani ni mtu mmoja, msaidizi wa mhariri, na mbele yake kuna laptopu, kadi nne zilizojaa na diski mbili za kubebeka. Kila baada ya muda anatupia jicho taa ya dari. Ikizimika, laptopu ina betri, lakini diski nazo zinakula umeme kutoka humo humo, na kadi hizo zinatakiwa saa kumi na mbili alfajiri zikiwa tupu.

Kazi hiyo watu wa video wanaiita kudampu. Neno lenyewe linanikera kidogo. Dampo kwetu ni jalala, mahali unapomwaga usichokitaka tena, na huyu bwana anashika mavuno yote ya siku nzima ya watu watano. Nadhani ubaya wa neno umeambukiza tabia. Wengi huburuta folda kutoka kwenye kadi hadi kwenye diski, mstari wa kijani ukifika mwisho wanafomati kadi. Wenye bidii huburuta mara mbili, diski mbili, kisha hutia diski zote kwenye begi moja linalofungwa nyuma ya bodaboda moja. Hapo husema wana bekapu. Mimi nasema hawana. Nakala mbili zinazolala chumba kimoja, zinazosafiri pamoja na zinazoweza kubebwa na mwizi mmoja kwa mkono mmoja ni nakala moja iliyonunuliwa kwa bei ya mbili.

Na Kewanja si mahali pa kurudia picha. Kijiji hiki cha Nyamongo, wilayani Tarime, kimepakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002, ukaingia mikononi mwa kampuni ya Barrick mwaka 2006, na baada ya mazungumzo ya mwaka 2019 Serikali ikapata hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Upande wa kusini kuna Mto Mara. Ukiufuata mto huo kuelekea unakotoka unafika Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, ambako kati ya Julai na Oktoba kamera za dunia nzima husubiri nyumbu wavuke. Wapiga picha wa kule wana bima, magari mawili, na mara nyingi mtu ambaye kazi yake ni kunakili kadi tu, hana nyingine. Ajabu ni kwamba wao ndio wenye picha inayoweza kurudiwa. Nyumbu asipovuka leo atavuka kesho, na asipovuka mwaka huu atavuka mwakani. Mzee wa Kewanja anayeeleza shamba lake lilipokuwa kabla ya mgodi hasemi mara mbili kwa namna ile ile, na pengine mwakani hayupo.

Tena picha za huku huweza kugeuka ushahidi. Mwaka 2013 wakazi wa maeneo yanayozunguka mgodi walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa. Kesi hiyo ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015. Hapa nyumbani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje na uadilifu wake ulilindwaje. Soma maneno hayo taratibu. Anayeulizwa hapo si mpiga picha wala mwongozaji. Ni yule wa saa mbili usiku mwenye kadi nne.

Tuanze basi na kadi zenyewe. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa kamera ndogo za 4K, hujaza takriban gigabaiti 45 kwa saa. Diski ya kubebeka ya kawaida, ile yenye sahani inayozunguka, huandika kama megabaiti 120 kwa sekunde ikiwa katika afya njema. Kadi ya gigabaiti 128 kwa hesabu hiyo inachukua dakika 18 kunakiliwa. Ukitaka kuhakikisha kwamba kilichofika ndicho kilichotoka, kompyuta inabidi isome tena kila kitu, hivyo weka dakika 36. Kadi nne ni karibu saa mbili na nusu, hapo umeme haujakatika na waya haujalegea. Ndiyo maana watu huruka hatua ya pili. Hawairuki kwa ujinga. Usingizi unawazidi nguvu.

Hatua hiyo ya pili inategemea kitu kiitwacho hashi. Programu hupitia faili lote na kulifupisha kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu. Kwa njia ya MD5 ni alama 32. Badilisha biti moja katika saa nzima ya mahojiano, na karibu alama zote zinageuka. Alama za faili la kwenye kadi zikifanana na za kwenye diski, nakala ni nzima. Zisipofanana, jambo limeharibika mahali, nawe bado una kadi mkononi. Huhitaji kununua kitu: DaVinci Resolve, hata ile ya bure, ina sehemu ya kunakili kadi kwenda diski zaidi ya moja kwa mpigo na kuthibitisha kwa hashi. Orodha ya hashi ikihifadhiwa tangu usiku wa kwanza, miaka mitano baadaye unaweza kumwonyesha hakimu, au mhariri mbishi, kwamba faili halijaguswa. Kunakili kwa kuburuta hakukupi karatasi yoyote ya namna hiyo.

Kosa jingine la kuburuta ni kuchagua. Msaidizi anafungua kadi, anakuta folda ndani ya folda, na vifaili vidogo visivyofunguka. Anaona takataka, anachukua video tu. Vile vidogo ndivyo vinavyobeba taimukodi (saa ya kila fremu), namba ya kadi na maelezo ya kamera. Halafu kuna kamera zinazokata mahojiano marefu vipande vipande, kwa sababu kadi zilizofomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haziwezi kubeba faili linalozidi gigabaiti 4. Mama akiongea dakika hamsini, kadi ina vipande kadhaa. Kimoja kikisahaulika, shimo linaangukia katikati ya sentensi. Kanuni yake haina ujanja: nakili kadi nzima kama ilivyo, usichague, usibadilishe jina la kitu ndani yake. Jina unaliweka kwenye folda ya nje.

Na majina, hapa Ukuryani, ni somo peke yake. Nimeona watu wakifundishwa kuita folda kwa jina la anayehojiwa. Mjini inaweza kufaa. Huku, kwa siku tatu unaweza kuhoji Chacha watano, Mwita wanne, Marwa wawili na Bhoke sita, na katika hao Bhoke, wawili ni wake wenza. Folda ya “Chacha mahojiano mwisho” ni kitendawili kwa mhariri aliyeko Dar es Salaam. Iite kwa tarehe ikianza na mwaka, kisha mahali, kamera na namba ya kadi: 20250807_KEWANJA_A_03. Jina la mtu liende kwenye daftari, pamoja na jina la baba, kitongoji, na alivaa nini. Mwaka utangulie kwa sababu kompyuta itazipanga folda zenyewe, na kwa sababu kamera nyingine zinaandika tarehe Kimarekani: 07/08 kwao ni tarehe nane Julai, kwetu ni tarehe saba Agosti.

Saa nazo zina vituko vyake. Mtu wa sauti anaandika kwenye daftari “mzee, chini ya mwembe, saa 4”. Kamera inasema 10:12. Kwa Mswahili hakuna ugomvi hapo. Anayesoma daftari akiwa Toronto atatafuta saa kumi alfajiri asikute kitu, kisha atatafuta saa kumi jioni, akute harusi. Kamera iliyokodishwa kutoka London wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa mbili, ya Toronto kwa saa saba, na ile kamera ndogo iliyokaa kabatini hadi betri ikafa imerudi mwaka ilipotengenezwa. Kazi ya kwanza ya msaidizi, kabla ya kadi yoyote kuingia popote, ni kupanga kamera zote na vinasa sauti vyote mezani asubuhi na kuziwekea saa moja kwa simu moja. Dakika tano. Zinaokoa wiki.

Hapo ndipo tunaingia kwenye kusawazisha sauti na picha, au kusinki kama wanavyosema wenyewe. Kamera inarekodi picha pamoja na sauti yake mbovu. Kinasa cha pembeni kinarekodi sauti nzuri bila picha. Lazima viungwe. Klapa ipo kwa kazi hiyo, na makofi ya mkono mbele ya lenzi yanatosha kabisa: tafuta fremu ambamo viganja vimekutana, tafuta mchomo wa sauti, bandika. Siku hizi programu hulinganisha mawimbi ya sauti zenyewe na kumaliza kadi nzima wakati unakunywa chai. Hapo msaidizi mvivu huenda kulala, na hapo ndipo palipo na mtego mmoja ambao mafunzo mengi hayautaji.

Chukua mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, anayecheza uwanjani. Kinasa sauti kiko miguuni pake. Kamera iko mita 40 mbali, na lenzi ndefu, ili watu wasahau kwamba ipo. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inafika kwenye kamera ikiwa imechelewa karibu fremu tatu, tukihesabu fremu 25 kwa sekunde. Programu inalinganisha sauti ya kinasa na sauti ya kamera, inaona zinafanana, inabandika. Kumbe imebandika kwenye sauti iliyochelewa. Kwenye skrini kidole kinagusa uzi, kisha uzi unalia baadaye. Mtazamaji wa Masaki, Dar es Salaam, hatajua kinachomsumbua. Mkurya atajua mara moja, maana mkono ule anaufahamu. Msaidizi anapaswa kuiwahisha sauti kwa fremu tatu, kwa mkono na kwa jicho, na aandike kwamba amefanya hivyo.

Milipuko ya mgodi ndiyo mfano mkubwa wa jambo lilo hilo. Wageni huidhania kuwa klapa ya bure: mshindo mmoja, kila kifaa kimesikia. Ikiwa kamera na kinasa vimesimama pamoja, sawa, sauti na sauti zitakutana. Ukijaribu kuubandika mshindo huo kwenye vumbi linaloonekana likipanda, mlipuko ukiwa kilomita moja mbali, umekosea kwa karibu sekunde tatu, fremu 73 hivi. Mwongozaji atataka vumbi na mshindo vitokee pamoja kwa sababu sinema imemzoesha hivyo. Huo ni uamuzi wa meza ya uhariri, na ufanywe huko huko; nakala mama ibaki na ule ucheleweshaji wake, kwani ndio unaoeleza kamera ilisimama umbali gani.

Suala la saa kuteleza nitalipitia haraka. Vifaa viwili visivyounganishwa hutofautiana taratibu; tofauti ya sehemu 20 katika milioni inatosha kuleta karibu fremu mbili baada ya saa moja. Piga makofi mwanzo, piga tena mwisho. Video za simu ni ngumu zaidi kwa kuwa simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyopungua, na zile zilizopitia WhatsApp zimebanwa hadi hazikumbuki zilikotoka. Wanakijiji wana video nyingi za namna hiyo, nyingine za thamani kubwa kuliko chochote ulichokuja kupiga. Omba faili kutoka kwenye simu yenyewe, kwa waya, mbele ya mwenye simu.

Kuna usawazishaji wa aina nyingine ambao hauna programu. Mahojiano mengi ya Kewanja ni kwa Kikurya, na mhariri kwa kawaida hakijui. Mkalimani akitafsiri papo kwa papo hufupisha. Mzee amesema dakika nne, mkalimani amesema “anasema hawakulipwa vizuri”. Basi keti naye usiku huo huo au kesho yake, picha zikiwa mbele, aandike kwa Kiswahili kila sentensi pamoja na taimukodi yake. Ninavyoona mimi, hati hiyo ni sehemu ya picha na inastahili hashi na nakala tatu kama kadi yoyote. Bila hiyo, mhariri atakata sentensi ya mtu katikati ya “lakini”.

Nimesema nakala tatu. Kanuni inayojulikana kwa wapiga picha, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh, ni tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mbali. Ubishi wote wa Kewanja uko kwenye hilo neno la mwisho. Pixar wenyewe, mwaka 1998, walifuta kwa amri moja ya kompyuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, wakaenda kwenye bekapu wakakuta kwamba haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na sebule ya mama mzazi.

Watu watasema: pandisha mtandaoni. Tupige hesabu. Gigabaiti 200 tu, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde isiyokatika, ni saa 89, karibu siku nne usiku na mchana. Bando lenyewe litakuwa limeisha siku ya kwanza. Huku porini wingu lifae kwa daftari, hati za tafsiri, orodha za hashi na picha ndogo za kazi. Kadi nzima zitafute njia nyingine, nayo tunayo tangu zamani: basi. Diski ya terabaiti mbili ina uzito wa gramu mia mbili hivi. Ifungwe kwenye kitambaa, iingie kwenye boksi, iandikwe “vipuri”, ipelekwe ofisi ya basi Tarime mjini na ipokelewe Musoma au Mwanza na mtu unayemfahamu kwa sura. Kadi zisifomatiwe, hata zikidaiwa alfajiri, mpaka huyo mtu apige simu kusema amefungua, amesoma, hashi zimelingana.

Nakala ya tatu ina upande wa hatari. Mkoa wa Mara unapigwa picha pia kwa sababu ya ukeketaji. Filamu ya In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier, iliyotoka mwaka 2018, ilimfuata Rhobi Samwelly na nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, wanakokimbilia wasichana. Uso wa msichana wa namna hiyo, au wa kijana anayeeleza alivyojeruhiwa mgodini, ukiongezewa nakala umeongezewa pia milango ya kuvuja. Diski inayopanda basi lazima iwe imefungwa kwa nywila, programu za bure za kufunga zipo, na nywila isisafiri na diski. Daftari la majina halisi liende njia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mtengenezaji anayepandisha nyuso za watu kwenye kompyuta za ng'ambo bila kuwaambia wenye nyuso ana jambo la kujibu.

Ng'ambo ndiko picha zetu zilikozoea kulala. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga picha zao Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950. Michael akafa kwenye ajali ya ndege Januari 1959, filamu yao ikapata Oscar mwaka 1960, na kilichobaki huku ni kaburi lake ukingoni mwa Ngorongoro. Yupo aliyefanya vingine. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na kuihamishia Nairobi, alitunza alichopiga, na baada ya ndege aliyopanda kuanguka Komoro Novemba 1996 hazina yake ilibaki Nairobi. Kampala, shirika la utangazaji la UBC lilikuta kwenye makabati yake negativu takriban 70,000 za enzi ya Idi Amin na kabla yake, na mwaka 2019 Waganda wakaenda kuziangalia katika Jumba la Makumbusho la Taifa. Hizo zilipona kwa sababu kuna mtu alizifungasha kwenye bahasha, akaandika tarehe, akafunga kabati. Jina la mtu huyo mimi silijui.

Kwa Kewanja ninapendekeza jambo moja tu. Nakala ya tatu isiende Toronto kabla ya kupita Tarime. Shule ya sekondari, ofisi ya kijiji, kituo cha wasichana, parokia, yeyote mwenye kabati lenye kufuli na mtu wa kuiwasha diski mara moja kwa mwaka aone kama bado inasomeka, maana diski iliyosahauliwa nayo hufa. Waliopigwa picha wakubali kwanza, kwa maandishi, kipi kikae humo na nani akifungue.

Na wewe uliyewahi kufanya kazi Nyamongo, ukarudi mjini na ile diski nyeusi yenye plasta iliyoandikwa “Mara – usifute”: itoe kwenye droo leo, ichomeke, uone kama inafunguka. Ikifunguka, nunua ya pili kesho asubuhi, na usiziweke kwenye droo moja.